Brashi za Ghala
Karakana za Ghala, eneo la viwanda la Muscat, siku hizi hukata vibao vya maduka kwa kompyuta: plastiki, taa, kazi imekwisha. Kwa duka la matairi, sawa. Mwenye duka anakitaka kibao chake kesho asubuhi. Ila kibao cha dhahabu kina adabu zake. Gundi hupakwa, huachwa mpaka inate kidogo tu kidoleni, feni huzimwa, ndipo hulazwa karatasi ya dhahabu nyembamba kiasi kwamba pumzi tu huipeperusha. Wenye misikiti na hoteli, na wanaoagiza milango ya Kizanzibari yenye aya, bado huutaka mkono wa fundi. Kijana aliyetoka chuoni na khati nzuri anayo nusu ya ufundi. Nusu nyingine aifuate kwa fundi, aanze kwa kuosha brashi.