Asilimia mbili isiishie kwenye mkopo

NJIA PANDA YA SEGERA
Na Salimu Mhina

Magunia ya mahindi yanayouzwa Kwaluguru yanakatwa ushuru. Anayetandika nguo gulioni analipa ushuru. Mwenye mbuzi wawili wa kupeleka mnadani naye anachangia. Mtoza ushuru haulizi kama muuzaji anaona, anasikia au anatembelea magongo. Risiti inayotoka kwenye mashine ni ileile. Fedha hizo huingia kwenye mapato ya ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, yenye makao yake Mkata, na sheria inaitaka kila halmashauri nchini itenge asilimia kumi ya mapato hayo, ukiondoa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu.

Hizo mbili ndizo ninazozitaka leo. Kwa mtu wa kijijini, ndizo pekee zinazokaribia kile ambacho nchi nyingine huwapa wenye ulemavu kama nafuu ya kodi.

Jirani zetu wa Kenya wanayo nafuu yenyewe. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, akapimwa hospitali na kupewa cheti cha msamaha na mamlaka ya mapato, hakatwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi, kwa shilingi za huko. Agizo la msamaha huo ni la 2010. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wakilipigania hapa, kalamu hii iko upande wao, maana mwalimu wa Korogwe mjini mwenye uoni hafifu anatumia sehemu ya mshahara wake kwa gharama ambazo mwenzake wa dawati la pili hazijui.

Lakini Kwaluguru agizo kama hilo litamfikia nani? Kwetu mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, awe mwenye ulemavu asiwe. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Fundi cherehani anayeshona sare za shule chini ya mwembe utamsamehe kodi gani? Jedwali la Tano la Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 linasamehe ushuru wa gari moja lililotengenezwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu. Gari! Huyu wa kwetu bado anaomba baiskeli ya magurudumu matatu.

Kodi anayoilipa yeye ni ushuru, na ushuru hauna fomu ya msamaha. Ndiyo maana hiyo asilimia mbili ni haki yake, wala asiipokee kama sadaka. Ametoa kwa mkono mmoja, sheria inasema arudishiwe kwa mkono mwingine.

Kurudishiwa ndiko kwenye kazi. Kanuni za 2019 zilitaka watu wenye ulemavu wasiopungua watano wawe kikundi ndipo wakopeshwe. Watano, katika vijiji ambavyo nyumba ya huyu na ya yule zinatenganishwa na mashamba ya mihogo na njia ya ng'ombe! Mmoja haoni, mwingine kiziwi, wa tatu miguu haimbebi, na hawajawahi kufanya biashara pamoja. Kilichotokea sehemu nyingi kila mtu anakijua: majina ya wenye ulemavu yaliazimwa na watu wazima wa viungo, mkopo ukatoka, na mwenye jina akaambulia soda siku ya picha. Baadaye kanuni zililegezwa, na sasa mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba akiwa peke yake. Ila habari haijatembea. Ukienda kuulizia mkopo bado unaweza kukutana na mtu akakwambia kwa upole kabisa, "Mama, tafuteni wenzenu kwanza muunde kikundi, halafu mje." Mama anashukuru, anapanda bodaboda kurudi, na nauli imekwisha bure.

Ikumbukwe pia kwamba mikopo yote hii ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuanika vikundi hewa na marejesho yasiyorejea, ikafunguliwa tena 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zikachaguliwa kujaribu kupitisha fedha benki, na kwa mkoa wetu wa Tanga ni Bumbuli. Kwingine maombi yanapita kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo huo nausifu kwa kubana vikundi hewa. Lakini asiyeona akiombewa na kijana wa steshenari, namba yake ya NIDA, ya simu na ya akaunti zote ziko mikononi mwa kijana huyo. Ni kama kwa wakala wa simu, ambako wengi wasioona humtajia mpwa wao namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 12 inasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusimamia fedha zake mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonikaa moyoni. Mkopo, hata usiwe na riba, ni deni. Unamfaa fundi wetu wa sare: atanunua cherehani ya pili, atarejesha kila mwezi. Yupo pia mama mwenye mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Mama huyu hawezi kwenda shamba mtoto akiwa peke yake, na mwezi wenye kliniki ya hospitali ya Magunga au Handeni mjini ni mwezi wa kutoa, si wa kuingiza. Ukimwandikia mkopo umemwongezea mzigo. Swali linalomkosesha usingizi halihusu mtaji. Anajiuliza akifa leo, mtoto atabaki na nini, na nani.

Jibu la swali hilo ni akiba, na akiba ya wenye ulemavu sheria zetu haziitaji kabisa. Vikoba vipo, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vinasajiliwa kama watoa huduma wa daraja la nne. Navipenda vikoba. Lakini tazama kikoba kinavyokaa: hisa zinanunuliwa kwa kutaja kwa sauti, salio la sanduku linakaririwa na wote kabla ya kufunga kufuli tatu. Kiziwi anaona midomo ikicheza tu. Asiyeona anapigiwa muhuri kwenye kitabu ambacho hawezi kukikagua. Na mwisho wa mzunguko kila mtu anagawana, fedha inakwenda kwenye mabati na ada. Akiba ya mtoto atakayehitaji kulelewa miaka arobaini haiwezi kukaa humo.

Kanada walilijibu hili mwaka 2008 kwa mpango wa akiba wa watu wenye ulemavu. Familia ya kipato cha chini ikiweka dola moja, serikali inaweza kuongeza hadi tatu. Aliye hohehahe anaweza kuwekewa hadi dola 1,000 kwa mwaka hata kama hajaweka senti, mpaka zifike 20,000. Akaunti inafungwa kwa miaka mingi makusudi, na anayeharakisha kutoa hurudisha sehemu ya nyongeza za serikali. Nchi tajiri ile, utaniambia. Kweli, na hata huko si wote waliofikiwa, kwa sababu mlango wa mpango ni cheti cha kodi chenye fomu inayojazwa na daktari. Wakazuka mawakala wa kujaza fomu, baadhi yao wakijikatia karibu theluthi ya fedha iliyorudi, mpaka Bunge likatunga sheria ya kuwabana mwaka 2014. Vishoka hawana taifa.

Hebu tupige hesabu ya kwetu. Halmashauri ikiwa na mapato ya kugawa bilioni 2, asilimia mbili ni milioni 40. Tuseme robo yake, milioni 10, ikawa ya kuongezea akiba: mzazi akiweka shilingi 5,000 kwa mwezi kwa jina la mtoto, halmashauri inaweka 5,000. Kwa mwaka ni 60,000 za halmashauri kwa kila mtoto, na milioni 10 zinatosha watoto zaidi ya 160. Pa kuziweka papo pia. UTT AMIS ina mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwamo Mfuko wa Watoto. Marejesho ya milioni 30 zilizobaki kwenye mikopo yataendelea kuzunguka kama kawaida.

Afisa wa fedha ataninyooshea kidole, na atakuwa sahihi: kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazungumzia mikopo, na halmashauri haiwezi kujiamulia kugeuza hata shilingi moja ikawa ruzuku ya akiba. Basi sheria irekebishwe. Ni kazi ya wabunge, na wa Handeni na Korogwe wana mfano wa kuanzia majimboni kwao. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi, kwa wenye umri wa miaka saba na kuendelea, ana ulemavu wa aina fulani. Hao ni wapiga kura wa kutosha.

Yapo yasiyosubiri Bunge. Wa Kwaluguru, mkopo wenu uko Halmashauri ya Wilaya, si ya Mji. Wengi hupoteza siku Chanika, Handeni mjini, kwa kuchanganya hizo mbili, kama wa Korogwe wanavyochanganya zao. Anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na mkiambiwa mtafute wenzenu, ulizeni kanuni gani inasema hivyo. Mkitakiwa kuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure, msimlipe mtu. Na waheshimiwa madiwani, kwenye baraza lijalo ombeni karatasi moja tu: mwaka wa fedha uliopita ile asilimia mbili ilikuwa shilingi ngapi, ilitoka ngapi, na kwa kata zipi. Ikishapatikana, ibandikeni kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, na mwenyekiti aisome kwa sauti kwenye mkutano mkuu, mkalimani wa lugha ya alama akiwa amesimama kando yake.