Kula bata Bariadi: yai halijui megawati

Wadau, mtaani tukisema fulani anakula bata, maana yake maisha yamemnyookea, mshiko upo. Leo naongelea bata mwenyewe, yule wa manyoya. Naona kutotolesha mayai yake nyumbani hapa Bariadi kunapima ile kauli ya "vijana jiajirini" kuliko hotuba yoyote ya jukwaani.

Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012, tulipomegwa kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza. Tangu hapo tumeimbiwa pamba, tumeimbiwa viwanda, na Nane Nane ya kitaifa ikafanyika pale Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020. Kijana akimaliza kidato cha nne hana ajira, ushauri ni ule ule: fuga. Siku hizi ufugaji umekuja na mashine. Unanunua, au unaunda boksi lako lenye balbu, feni na themostati, unapanga mayai, unasubiri vifaranga. Ukilisikia juu juu ni dili.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Yai la kuku linatotolewa kwa siku 21. La bata mweupe wa Pekin ni siku 28. Lakini hawa bata wetu wanaozurura mitaani, wenye nyama nyekundu usoni, yai lao linataka siku 35. Joto liwe nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni, unyevu usipungue, na mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku mpaka zibaki siku tatu hivi.

Siku 35 ni saa 840. Tuchukue mashine ya wati 100 ambayo themostati inaiwasha nusu ya muda. Hapo inakula uniti 42 kwa mzunguko mmoja, au 36 kwa mwezi wa siku 30. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Nyumba yenu ikiwa inatumia uniti 60, mashine inawapeleka 96. Zile 21 za juu ni shilingi 7,350, wakati kwa bei ya chini zingekuwa 2,100. Yaani unafuu uliowekwa kumsaidia mnyonge unaisha siku mnyonge anapoanza kuzalisha. Na LUKU ya nyumbani ni ya mama na baba, kwa hiyo ugomvi nao unaanza hapo.

Ishu ya pili ni kukatika. Nchi ilikuwa na mgawo mwaka 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kisha mitambo ya Bwawa la Nyerere ikaanza kuwaka mmoja mmoja. Ni mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Ni kazi kubwa, sina ubishi. Lakini megawati zikiwa Rufiji haina maana ziko kwenye soketi ya Bariadi. Katikati kuna nguzo, waya, transfoma na mvua ya radi. Ndiyo maana habari za kituo cha kupoza umeme pale Imalilo na laini ya kutoka Shinyanga si za wakubwa tu, zinamhusu hata mwenye mayai thelathini chini ya kitanda.

Umeme ukikatika nusu saa, yai halifi. Mama bata mwenyewe huinuka kwenda kula na kuoga, anarudi amelowa. Kinachoua ni usiku mzima wa baridi wakati wewe umelala.

Tatu, mikopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Safi. Ila kumkopesha kijana mashine bila betri au sola ni kumkopesha nusu ya mradi. Na mkopo wa vifaranga vinavyokaa siku 35 kwenye yai, halafu miezi kadhaa vikikua, usidaiwe rejesho kama mkopo wa genge la nyanya.

Kwa hiyo tuache mashine? Hapana. Ila ukiangalia vizuri, mashine inayofanya kazi Bariadi bila LUKU tunayo tayari: jike la bata. Analalia mayai kumi na kadhaa, anapima joto mwenyewe, anageuza mwenyewe. Mwenye mtaji mdogo aanze na majike matatu wanaolalia kwa wakati mmoja. Mashine ije pale mayai yanapozidi matumbo ya mama zao, na iwe na chanzo cha pili cha umeme. Siku ya saba mulika kila yai kwa tochi gizani. Lisiloonyesha mishipa litoe, usilipie umeme wa yai bovu.

Kwa viongozi wetu nina ombi moja. Mkija kutuhesabia megawati, tuhesabieni pia ni saa ngapi umeme uliwaka mfululizo Somanda, Dutwa na Nyakabindi mwezi uliopita. Takwimu hiyo ikibandikwa kila mwezi, kijana atajua kama aanze na mashine au aanze na bata.

Wadau, huko kwenu umeme unafikisha saa 840? Leteni hesabu zenu, si matusi.