Cheti cha usalama wa mitandao kimepima Kiingereza changu

Mwezi wa tatu mwaka huu nimepata cheti cha Security+, mtihani wa usalama wa mitandao unaotolewa na shirika la CompTIA la Marekani. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika. Sijawahi kulipwa hata franka moja kwa kutengeneza mtandao wa mtu. Rafiki yangu wa informatiki, ambaye anatunza mitandao ya maduka mawili hapa Lubumbashi na ambaye alinifundisha zaidi ya nusu ya yale niliyojibu, ameanguka mtihani uleule. Naandika kwa sababu naona jambo hili linakihusu kitivo chetu kuliko linavyokihusu kitivo chake.

Mtihani wenyewe uko hivi. Maswali hayazidi 90, muda ni dakika 90, alama zinahesabiwa kuanzia 100 hadi 900, na ukikosa 750 huna kitu. Cheti kinadumu miaka mitatu. Bei yake Marekani imepita dola 400, na anayeanguka analipa upya. Kila msomaji wa hapa anaweza kuhesabu mwenyewe hizo ni kodi za nyumba za miezi mingapi. Unaweza kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, msimamizi akikutazama kutoka mbali, na kwa hiyo sisi tulikodi jenereta kwa siku hiyo. Tena hairuhusiwi kusoma swali kwa sauti. Kwa mtu aliyejifunza kila kitu kwa kubishana, ukimya ule ni adhabu.

Maana kwa miezi mitano tulibishana. Tulikuwa wanne, katika chumba cha nyuma cha duka moja. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, silabusi za kukisaidia zilikuwa za Kifaransa, na kuelewa kulikuwa kwa Kiswahili. Sisemi hivyo kwa kujisifia lugha. Nilikuwa na daftari, niliandika nani alisema nini.

Chukueni mambo matatu ambayo mtihani unataka uyatenganishe bila kusita: udhaifu, tishio na hatari. Katika mazungumzo ya kawaida sisi tunayaita yote hatari. Tulipoteza jioni nzima hapo, mpaka mmoja wetu akaonyesha mlango. Kufuli iliyovunjika ni udhaifu. Mwizi anayepita mtaani ni tishio, hata kama leo hajaingia. Hatari ni hesabu: uwezekano wa mwizi huyo kuingia kupitia kufuli hiyo, na ukubwa wa hasara akiingia. Ndiyo maana duka tupu lenye kufuli mbovu lina udhaifu mkubwa na hatari ndogo. Baada ya jioni ile hakuna aliyekosea tena.

Mfano wa pili ni wa wanasarufi. Taarifa ikifichwa kwa ufunguo inaweza kufichuliwa na mwenye ufunguo: ficha, fichua, kama funga na fungua, kunja na kunjua. Kauli ya kutendua tunayoichambua darasani kila mwaka inabeba wazo zima. Lakini kuna kazi nyingine, ile ya kupitisha nenosiri katika hesabu kama SHA-256, ambayo hutoa biti 256 kila mara, uweke herufi tatu au kitabu kizima, na haina njia ya kurudi. Sisi tuliiita kusaga. Mahindi yakishakuwa unga hayarudi kuwa mahindi, na kitenzi chenyewe hatukukipa kinyume chake. Mtihani hupenda kuchanganya mambo hayo mawili. Aliyekumbuka kwamba kusaga hakutenduliwi hakuhitaji kukariri. Hata ile tarakimu ya nasibu inayoongezwa kwenye nenosiri kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye nenosiri moja wasitoe unga mmoja, kwa Kiingereza inaitwa chumvi. Tuliichukua ilivyo, ingawa mwenzetu mmoja alilalamika kwamba chumvi ya bukari haiwekwi kwenye kinu.

Kuna tafsiri zilizotuangusha pia. «Integrity» tuliisoma mahali fulani kuwa uadilifu. Uadilifu ni wa mtu. Faili haina tabia njema. Kinachotakiwa ni kwamba taarifa imefika bila mkono wa mwingine kuigusa, na kikundi kikaiita kutoguswa. Na nilipowaonyesha neno «usimbaji fiche» ambalo simu yangu hulitumia, mmoja akauliza simba anatafuta nini humo ndani. Neno hilo si baya, wenzetu wa Tanzania na Kenya wamelizoea. Ila halikutoka katika mdomo wa mtu wa hapa anayefanya kazi hiyo.

Sasa rafiki yangu aliangukia wapi? Maswali yenyewe tumekubali kutoyatoa, kwa hiyo natunga langu. Kompyuta ya mfanyakazi imeingiwa na programu hasidi; ufanye nini KWANZA? Majibu manne: kuichomoa kwenye mtandao, kuisafisha, kurudisha faili za akiba, kuandika ripoti. Yote ni kazi sahihi. Neno moja ndilo linaloamua, na katika mtihani neno hilo linakuja mwishoni mwa aya ya Kiingereza yenye vishazi vitatu, ambamo kishazi kimoja kinasema kwamba kompyuta imekwisha kuchomolewa. Mimi nilikiona, kwa sababu kuchambua vishazi ndiyo kazi ninayofundishwa. Yeye, ambaye angefika dukani na kuchomoa waya kabla sijavaa viatu, muda ulimwishia akiwa bado na maswali kumi na moja.

Najua kuna mhadhiri atakayesema: basi afundishwe Kiingereza, mambo yaishe. Afundishwe, ndiyo. Lakini Kiingereza peke yake hakingempa ile tofauti ya udhaifu na hatari; aliipata mlangoni, kwa Kiswahili. Zinahitajika kazi mbili, na zote mbili ni za kitivo cha lugha. Kwanza, kozi ya kusoma Kiingereza cha kiufundi kwa wanafunzi wa informatiki, ifundishwe na watu wa isimu, sio ile ya kujitambulisha na kuagiza chai. Pili, memwari zetu zitoke maktabani. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kuipa serikali jukumu la kuziendeleza. Kanuni ya Dijitali ya 2023 imeandikwa kwa Kifaransa. Kati ya hati hizo mbili kuna mafundi wanaosema kusaga, kutoguswa na mengine ambayo sikuyasikia, na hakuna mwanafunzi wetu aliyetumwa kuyaandika. Tunaendelea kutunga orodha mezani, kisha tunashangaa fundi hazitumii.

Rafiki yangu anarudi mtihanini mwezi wa kumi. Pesa ameshapata nusu. Kila Jumamosi saa nane tunakaa, hatugusi ruta. Tunachukua sentensi moja ya Kiingereza, tunatafuta kitenzi chake, tunauliza nani amekwisha kufanya nini na nani bado. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaotaka kuona kazi hiyo wanakaribishwa. Waje na daftari, na mwenye betri ya ziada aje nayo.