Tamthilia Iliyofungiwa Kitabuni

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya anaweza kuzoa alama zote 20 za swali la tamthilia bila kuwahi kusikia sentensi hata moja ya tamthilia hiyo ikitamkwa na mtu aliyesimama. Karatasi ya tatu ya Kiswahili haimdai hilo. Inampa dondoo, inamtaka aeleze muktadha wake, abainishe mbinu za lugha zilizotumika, kisha ataje sifa na umuhimu wa msemaji. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini: alama nne hizo. Aliyekariri mwongozo vizuri hana haja ya kukifungua kitabu chenyewe, na wapo wengi wasiokifungua. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, sura ya swali ni nyingine lakini tabia ni ile ile: tamthiliya mbili, hoja tatu kutoka kila kitabu, utangulizi juu na hitimisho chini.

Je, tamthilia ifundishwe kama maandishi ya kusomwa au kama maonyesho? Walimu wengi hujibu kwa uchovu kwamba ingefaa yote mawili, lau muda ungekuwapo. Jibu hilo lina haki yake, ila linachukulia kwamba kinachotukwamisha ni ratiba. Mimi naona tamthilia ya kusomwa tu imetufaa sana sisi watu wazima, kuanzia wizarani hadi ofisi ya mwalimu mkuu, kwa sababu haimsumbui mtu.

Tuchukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969 na kupitia mikononi mwa vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Ukifungua miongozo yake utakuta orodha iliyonyooka: ukoloni, unyonyaji, umoja, ukombozi, imani potofu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikera. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba maji ya Kinjeketile ya kukinga risasi yalikuwa imani potofu, hana tena la kujiuliza. Anamtazama Kinjeketile kutoka juu, kama mtu anayejua mechi imeisha mabao mangapi.

Hussein hakuandika hivyo. Katika dibaji yake alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni mtu wa kubuni, si yule wa historia. Tahadhari hiyo ina uzito kuliko inavyopewa darasani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza kule Umatumbi. Hakuiona njaa iliyofuata wala vijiji vilivyochomwa hadi mwaka 1907. Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi maji yanaposhindwa mbele ya bunduki. Mwandishi amempa kitu ambacho historia ilimnyima, yaani nafasi ya kushuku. Anatoka mtoni na maji, anaelezwa maneno aliyoyasema alipokuwa amepagawa, na humo anasikia kwamba akishaondoka Mjerumani wataingia chini ya Seyyid Said wa Unguja. Anashtuka. Anataka watu wangoje, wajipange kwanza, wafunzwe na rafiki yake Kitunda. Watu hawangoji. Mwishoni, yeye na Kitunda wako mikononi mwa askari, wameteswa, na njia ya kuyapunguza mateso ni moja: Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akiri. Anakataa.

Kwa nini anakataa? Kwenye karatasi jibu ni jepesi, kwa sababu yeye mwenyewe analitoa: anahofia watakachoambiwa watoto na wajukuu kuhusu vita vile. Mwanafunzi anaandika "msimamo thabiti", anaandika "mzalendo", anapata alama zake mbili, anaendelea.

Nimewahi kuketi nyuma ya darasa la kidato cha tatu ambalo mwalimu wake alikuwa ameichoka miongozo. Alisukuma madawati ukutani, akachora mstari wa chaki sakafuni kutenga wafungwa na askari, akampa mvulana mmoja sehemu ya Kinjeketile na msichana sehemu ya Kitunda. Mara ya kwanza walisoma kwa sauti moja ya bapa, midomo mbele, macho kitabuni. Mwalimu akawakatiza. Akamuuliza yule msichana: "Hapo unamwomba rafiki yako aseme uongo au aseme ukweli?" Msichana akafikiri. "Ukweli," akasema. "Sasa mbona unanong'ona?" Akarudia, safari hii kwa sauti ya juu, na ghafla Kitunda akawa mtu mwingine: si msaliti wala si mwoga, bali mtu mwenye akili aliyechoka kuona watu wakifa kwa ajili ya jambo ambalo halikuwapo. Mvulana naye akaambiwa asijibu upesi, anyamaze mpaka ashindwe kunyamaza. Akanyamaza. Wenzake wakacheka, halafu wakaacha. Kabla hajatamka neno, mmoja dirishani akauliza, "Kwani yeye mwenyewe anayaamini hayo maji ama hayaamini?" Mwalimu akasema hajui, wasome tena. Kengele ikalia.

Hilo ndilo swali linaloibeba tamthilia nzima, na halimo katika mwongozo wowote niliouona. Msomaji wa kimya anaweza kulipita bila kulijibu. Mwigizaji hawezi, kwa sababu sauti lazima itoke hivi au vile: anayesema anachokiamini hasikiki sawa na anayesema asichokiamini tena ila anaona kina faida. Na darasa likishagundua kwamba maneno yale yale yanabeba Kinjeketile wawili tofauti, "imani potofu" inakuwa ndogo mno kwa kilichotokea. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza, na hakuna aliyeongezewa hata kipindi kimoja.

Nilisema tamthilia ya kitabuni haimsumbui mtu. Ushahidi uko wazi. Julai 1977 riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, inayowachana vibaya wenye mali na madaraka wa Kenya huru, ilizinduliwa jijini Nairobi na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Miezi michache baadaye wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakaanza kuigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo mwandishi huyo aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Hasira ya mwandishi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu walikuwa wamesimama pamoja mahali pamoja, wakiyatamka maneno yale kwa lugha yao wenyewe.

Karibu nusu karne baadaye, Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, baada ya mvutano uliofika hadi Mahakama Kuu. Mwandishi wa mchezo alikuwa amekamatwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakafyatua vitoa machozi kutawanya watu. Atakayesema kwamba mwandishi huyo, Cleophas Malala, ni mwanasiasa na mchezo ulikuwa na makali yake ya kisiasa atakuwa na hoja. Lakini alinganishe na tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Humo mna Majoka, mtawala wa Sagamoyo anayewafungia wananchi soko la Chapakazi, na wanaharakati Tunu na Sudi wanaosimama dhidi yake hadi umma unamgeuka. Kitabu hicho kilitahiniwa kwa miaka kadhaa, hadi Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ilipochukua nafasi yake. Serikali ilikiidhinisha, wazazi wakakinunua, maelfu kwa maelfu ya vijana wakaeleza sifa na umuhimu wa Tunu. Hakuna aliyerusha hata kopo moja la gesi. Sababu yake ni kwamba Tunu alikuwa amekwisha kugeuzwa alama nne.

Upande wa pili nao usikilizwe. Kipindi ni dakika 40, darasa lina watu 60 au zaidi, nakala za kitabu hazitoshi, na mzazi anayelipa karo anataka gredi. Zaidi ya hayo, kuigiza kwenyewe kunaweza kuiua tamthilia vilevile. Kenya ina makundi yanayozunguka shuleni kuigiza vitabu teule. Wanafunzi wanatozwa kiingilio, wanajaa ukumbini, wanacheka mpaka machozi. Baadhi ya makundi hayo ni ya wasanii hodari wanaokiheshimu kitabu. Mengine yanajua kwamba kinachouzika kwa vijana waliofungiwa bwenini muhula mzima ni vichekesho, basi mlevi wa mchezo anapewa nusu saa na mazungumzo mazito yanapitwa mbio. Walimu hulalamika kwamba baada ya ziara hizo majibu ya wanafunzi hujaa vituko ambavyo mwandishi hakuviandika. Ndiyo maana sidai shule ziigize kitabu kizima. Mwanafunzi anayetazama tu hana uamuzi wowote anaoufanya, awe ameketi ukumbini au mbele ya mwongozo.

Ninachokidai ni kidogo zaidi, na pengine ndiyo sababu kinapuuzwa: onyesho moja au mawili yenye mgogoro halisi, yasomwe wanafunzi wakiwa wamesimama, kwa sauti, mara mbili au tatu kwa namna tofauti, kisha wanafunzi wakae chini waandike namna ipi kitabu kinaitetea na kwa maneno gani. Maelezo ya jukwaani, yale ya herufi za mlalo ambayo kila mtu huyaruka, yatapata kazi.

Hata hivyo mwalimu hatafanya hivyo mwaka baada ya mwaka kama mtihani haumuungi mkono, na kumlaumu yeye ni kumwonea. Swali likibadilika, ufundishaji utalifuata ndani ya wiki mbili. Si vigumu kulitunga: wewe ndiwe mwelekezi wa onyesho hili, eleza Kitunda asimame wapi na aseme kwa sauti gani, na uthibitishe uamuzi wako kutoka katika tamthilia. Najua pingamizi la wasahihishaji, kwamba swali la namna hiyo halina jibu moja, na mwongozo wa kusahihisha unahitaji jibu linalofanana Mombasa na Kisumu. Lakini wanaosahihisha insha kila mwaka wanapima jinsi mtahiniwa alivyoijenga hoja yake, bila kudai watahiniwa wote waandike insha moja. Uthibitisho kutoka kitabuni unahesabika. Ama upo, ama haupo.

Ningekuwa na matumaini zaidi kama mtaala wa umilisi haungeelekea njia nyingine. Katika shule ya upili ya juu, Kiswahili kinabaki somo la lazima, Fasihi ya Kiswahili inakuwa somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi za Jamii, na masomo ya thieta na filamu yanawekwa katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwenye karatasi mpangilio huo unavutia: kila kipaji na mlango wake. Ila maana yake ni kwamba anayechagua fasihi atapewa kitabu bila jukwaa, anayechagua thieta atapewa jukwaa na huenda asikutane na Hussein, na yule wa mkondo wa sayansi, ambaye kesho atakuwa mhandisi au daktari wa kaunti, anaweza kumaliza shule bila kuwahi kuombwa asimame mbele ya wenzake na kusema, kwa sauti yake mwenyewe, maneno ya mtu anayeambiwa akane alichowaambia watu.