Unahamia Marekani? Bunduki ya mtumba inaweza kukurudisha nyumbani

Viza ulipata, familia ikakuaga kwa maombi, na sasa uko Texas au Minnesota. Wikendi moja rafiki wa kazini anakuonyesha simu yake: bunduki aina ya AR-15, imetumika kidogo, mwenyewe anaiuza bei ya kutupa. Anakwambia huku si Kenya, unalipa na kuondoka nayo. Tena kuna vipuri vya kuongezea ili ipige haraka zaidi, na video za kukuonyesha jinsi ya kuvifunga zimejaa mtandaoni.

Rafiki yako hajakudanganya. Shida ni kwamba amekueleza sheria inavyomhusu yeye, ambaye ni raia. Wewe mgeni una sheria nyingine juu ya hiyo, na ukiikosea unaweza kupoteza kila kitu ulichosafiria.

Tuanze na bunduki yenyewe. AR-15 inayouzwa madukani ni nusu-otomatiki. Ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, kisha bunduki inajipakia yenyewe. Ukitaka nyingine lazima uachilie, uvute tena. Rashasha ni ile inayomwaga risasi mfululizo bora tu umeshikilia kifyatulio. Sheria ya Marekani imekuwa ikidhibiti rashasha tangu 1934, na raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki ile iliyotengenezwa baada ya Mei 19, 1986. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hata kile kifaa kidogo cha kuigeuza bunduki ya kawaida kuwa rashasha, chenyewe kinahesabiwa kuwa rashasha. Kinaweza kuwa kwenye droo, hujakifunga popote, na bado ukafungwa hadi miaka 10.

Sasa tuje kwa soko la mtumba. Ukinunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni, iwe mpya au ya mtumba, unajaza fomu ya serikali kuu inayouliza uraia wako na aina ya viza, kisha jina lako linapekuliwa kwenye mfumo wa FBI. Bunduki ndefu ni kuanzia miaka 18, na tangu 2022 walio chini ya miaka 21 hukaguliwa zaidi. Lakini mtu binafsi akimuuzia jirani yake wa jimbo hilohilo, sheria ya serikali kuu haimlazimishi kufanya upekuzi huo. Hapo ndipo mnapata yale mauzo ya kukutana kwenye maegesho ya magari, pesa mkononi, kila mtu na njia yake.

Majimbo nayo yana sheria zake. Texas haidai upekuzi kwenye mauzo ya watu binafsi. California inataka mauzo hayo yapitie kwa muuzaji mwenye leseni. Minnesota, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha, ilibana mauzo ya binafsi ya bastola na ya bunduki za nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi kuanzia Agosti 1, 2023. Kwa hivyo binamu yako aliye Dallas anaweza kukueleza alivyonunua yake, na ukifuata ushauri wake ukiwa Minneapolis ukajikuta umevunja sheria.

Ila swali la kwanza kwako si jimbo gani. Ni viza gani. Ukiwa na viza ya muda, kama ya mwanafunzi, ya kutembea au hata ile ya kazi ya H-1B, sheria ya serikali kuu inakukataza kununua bunduki na hata kuwa nayo mikononi. Kuna misamaha michache, wa kawaida ukiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Ikiwa viza imeisha na bado uko huko, marufuku ni kamili. Adhabu inafika miaka 15.

Elewa vizuri neno "kuwa nayo". Si lazima iwe yako. Umeenda uwanja wa shabaha na marafiki, ukashika ya mwenzako ukapiga risasi kadhaa, ukapigwa picha na kuiweka TikTok ili mbogi ya nyumbani ione umefika. Kama huna msamaha, hiyo video ni ushahidi umejitengenezea mwenyewe. Na usijaribu njia ya mkato ya kumwambia rafiki raia akununulie kwa jina lake. Tangu 2022 kumnunulia bunduki mtu aliyekatazwa kuwa nayo ni kosa linaloweza kumfunga mnunuzi hadi miaka 15. Utakuwa umemponza aliyekusaidia.

Wenye kadi ya kijani wako kwenye hali tofauti. Wao wanaruhusiwa kununua. Lakini sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote, wa kadi ya kijani akiwemo, akihukumiwa kwa kosa la kununua, kuuza au kumiliki bunduki kinyume cha sheria anaweza kufukuzwa nchini. Hakuna haja ya mtu kuumia. Hakuna haja ya risasi kutoka.

Na hapa ndipo suala la kuongeza vipuri linapokuwa mtego, kwa sababu hata Wamarekani wenyewe hawajakubaliana mstari uko wapi. Oktoba 1, 2017, mtu mmoja alifyatulia risasi umati kwenye tamasha la muziki Las Vegas akiwa ghorofani hotelini. Watu 60 walikufa, wakiwemo waliofariki baadaye kutokana na majeraha. Baadhi ya bunduki zake zilikuwa na bampu stoki, kitako kinachotumia msukumo wa bunduki yenyewe kuharakisha ufyatuaji. Serikali ya Rais Donald Trump ilikiita rashasha, na kuanzia Machi 2019 waliokuwa nacho walitakiwa kukiharibu au kukisalimisha.

Mwenye duka la bunduki huko Texas, Michael Cargill, akaenda kortini. Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi, majaji sita dhidi ya watatu. Walisema kifaa hicho hakifanyi bunduki kuwa rashasha kwa maana ya sheria, kwani kifyatulio bado hufanya kazi mara moja kwa kila risasi. Lakini uamuzi huo haukugusa marufuku za majimbo, na California ni mojawapo ya yanayokikataza hadi leo.

Mei 2025 ikawa zamu ya aina fulani ya vifyatulio vinavyojirudisha kwa nguvu, ambavyo serikali ilikuwa ikivihesabu kuwa rashasha. Wizara ya Haki ikafikia makubaliano na kampuni inayovitengeneza na kumaliza kesi. Kisha kuanzia Januari 1, 2026, ada ya dola 200 ya kusajili bunduki ndefu yenye mtutu usiofika inchi 16 ikaondolewa. Watu mtandaoni wanashangilia kwamba sasa ni bure. Ni kweli ada imeondoka, lakini usajili bado upo. Ukiikata mtutu bila kusajili, bado ni kosa.

Umeona vile mambo yanabadilika? Kifaa kilekile kilikuwa halali 2017, haramu 2019, halali tena 2024, na bado haramu ukivuka mpaka wa jimbo. Raia anaweza kubahatisha, akishikwa anatafuta wakili na kupigania haki yake ya kikatiba. Wewe ukishikwa una kesi mbili: ya jinai, na ya kubaki nchini. Unaweza kumaliza kifungo ya kwanza, kisha ya pili ikakupandisha ndege.

Sisi tumelelewa na sheria iliyo wazi zaidi. Kenya, bunduki ya raia ni kwa cheti cha Bodi ya Leseni za Bunduki, na kupatikana na AK-47 bila idhini kunaweza kukupa kifungo cha maisha. Hata mtoto anajua hiyo si ya kuchezea. Marekani imani hiyo inakutoka haraka, kwa kuwa bunduki iko dukani karibu na mahema ya kupigia kambi.

Kwa hivyo rafiki akikuonyesha ile picha, muulize maswali matatu kabla ya bei. Viza yangu inaniruhusu? Jimbo hili linasemaje? Kuna kitu kilichobadilishwa kwenye hii bunduki? La mwisho ndilo gumu kwa mtumba, maana hujui mwenyewe wa kwanza alifunga nini ndani. Kama huna jibu la yote matatu kutoka kwa wakili wa uhamiaji, mwambie asante, ubaki na masomo yako.