Msimtie Mwari wa Milanzi Kwenye Deni la Marumaru



Kuna sentensi moja imenichosha, na leo nataka tuizungumze. "Kumbe nyumba yenyewe haina hata marumaru?" Inasemwa kwenye shughuli, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, na kila anayeisema anajua inakokwenda. Inakwenda kwa bwana harusi, inamkuta hana pesa, anakopa, kisha inamrudia mwari mwenyewe ndani ya nyumba yake ikiwa deni.

Safari hii imemfika mtoto wa dada yangu. Kaposwa na kijana aliyejenga Milanzi, mjini Sumbawanga, huko juu kwenye uwanda wa Ufipa, mkoa wa Rukwa. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, ukumbi, jiko, choo cha ndani, bati limeshapigwa. Chini anamwaga zege, na anataka lisagwe kwa mashine mpaka liwe laini lisilong'aa, lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo, basi. Kasema hayo waziwazi kabla hata mahari hayajatajwa. Kwa baadhi ya kina shangazi ilikuwa kama kasema atamlaza mtoto wetu uwanjani. Wametaka marumaru za kung'aa nyumba nzima, jikoni, chooni mpaka kibarazani, ndipo siku ipangwe.

Mimi nasema kijana yuko sawa na kina shangazi wamekosea.

Tuanze na pesa. Marumaru, au tailizi kama wenyewe wanavyoziita, zinazotengenezwa hapa nchini nyingi zinatoka mkoa wa Pwani, viwanda vya Mkuranga na Chalinze, na za nje zinashuka bandarini Dar es Salaam. Kutoka huko mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Mbeya na Tunduma. Kila boksi lina uzito, kila boksi lina nauli, na zipo zitakazofika zimevunjika, kwa hiyo unanunua na za akiba. Zege je? Mchanga, kokoto na maji vinatafutwa hukohuko. Kinachosafiri ni saruji, nayo inaweza kutoka karibu zaidi, maana kiwanda kipo Songwe, upande wa Mbeya.

Tena kuna jambo ambalo wadai marumaru hawalifikirii hata siku moja. Marumaru haikai juu ya udongo. Chini yake lazima pawe na jamvi la zege lilelile ambalo kijana analimwaga. Kwa hiyo mnachomdai ni sakafu ya pili juu ya sakafu, na gundi katikati. Fundi akiwa na haraka anaweka vidonge vitano vya saruji nyuma ya kila kipande, anabandika, anaondoka. Mwaka haujaisha ukigonga unasikia mlio mtupu, na siku sufuria linapoanguka jikoni kipande kinapasuka. Unakwenda dukani kutafuta cha kufanana nacho, rangi ile haipo tena.

Lakini pesa siyo inayonikera zaidi. Kinachonikera ni maji.

Sisi ni watu wa maji. Nyumba ya Kiislamu watu wanatia udhu mara tano kwa siku, na miguu haikauki vizuri kila mara. Mtoto anatoka kuoga anakimbia. Mama mkwe anaamka alfajiri, macho bado hayajafunguka sawasawa, anatoka chooni na miguu majimaji anakanyaga kitu kama kioo. Mtaani kwangu yuko bibi aliyekuwa akitembea kwa miguu yake mpaka sokoni. Aliteleza kwenye ukumbi wa mwanawe, ukumbi mzuri wa kupigia picha, akavunjika nyonga. Yupo kitandani sasa, na anayemgeuza na kumwosha ni mke wa mwanawe, yuleyule ambaye ukumbi ule uling'arishwa kwa ajili ya harusi yake. Na biharusi mwenyewe, akishika mimba, atakuwa anatembea hapohapo miezi tisa. Kanuni ya kuondoa madhara katika fiqhi tunaisoma madrasa tangu wadogo. Mbona tukifika kwenye nyumba tunaisahau?

Zege likisagwa likaachwa bila mng'aro, mguu unalishika hata likiwa na unyevunyevu. Sisemi halitelezi kabisa. Ukimwaga sabuni juu yake utateleza, na ukilipaka nta kama zilivyokuwa zikipakwa sakafu nyekundu za zamani, umeliharibia faida yake. Nasema libaki lilivyo.

Sasa niwape haki yao kidogo kina shangazi. Wanapolidharau zege wanakumbuka kitu walichokiona kweli: sakafu ya niru. Fundi anamwaga zege, maji yanapanda juu, yeye anaona uvivu kusubiri, ananyunyiza saruji kavu ili inywe yale maji, anapitisha mwiko mpaka pang'ae. Siku ya kukabidhi panapendeza. Baada ya muda panatoka mipasuko myembamba kama utando wa buibui, ngozi ya juu inabambuka, na kila ukifagia unapata vumbi la kijivu. Ile ngozi ni saruji tupu iliyowekwa juu ya maji, haina mchanga wala kokoto ya kuishikilia. Ndiyo iliyoipa saruji jina baya kwenye nyumba zetu. Kusaga ni kinyume chake. Unaiondoa ile ngozi dhaifu, unafika kwenye mwili wenyewe wa zege, mpaka mchanga na hata kokoto zinaanza kuonekana. Ni ndugu wa tarazo mnayoijua kwenye majengo ya zamani ya serikali.

Tena sisi wa visiwani ndio wa mwisho kuona aibu. Majumba ya Mji Mkongwe yalikuwa na sakafu za chokaa ya matumbawe, imechomwa, ikachanganywa na kokoto, kisha ikapondwa kwa vigongo siku kadhaa, watu wamejipanga mstari, wanaimba, wanapiga. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, saqf, paa, kwa sababu mapaa bapa ya nyumba hizo yalipigwa namna hiyohiyo. Mabibi zetu waliolewa juu ya sakafu kama hizo na hakuna aliyewaambia wamedhalilishwa.

Haya, ikiwa ni zege, liwe zege kweli. Hapa nataka mwari anisikilize vizuri kuliko shangazi zake, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi nalo.

Udongo ushindiliwe, kifusi na mawe vishindiliwe, kisha itandikwe nailoni nzito kuzuia unyevu usipande. Juu yake zege la inchi 4, ndoo 1 ya saruji kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, mchanga usiwe na udongo. Maji yasizidi. Vijana hupenda kuongeza maji ili zege litembee lenyewe na mikono ipumzike, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Chooni na mahali pa kutilia udhu paachwe mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Mteremko haupatikani kwa kusaga, unapatikana siku ya kumwaga. Na zege halisaki upotovu: lililomwagwa bondebonde litasagwa bondebonde.

Kisha linyeshewe, na hapa Ufipa si kwetu. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Mei mpaka Oktoba hakuna mvua ya maana, upepo ni mkavu, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Upepo ule unanyonya maji ya zege kabla halijashika, linapasuka lingali bichi. Baridi nayo inalichelewesha kukomaa. Kwa hiyo magunia yaliyoloweshwa, au nailoni juu, siku 7 bila kukosa, na zaidi kwa miezi ya baridi. Nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28. Asiguse mtu na mashine kabla ya wiki mbili, na mwezi mzima ni bora.

Hapo ndipo tarehe za harusi zinapoharibu nyumba. Tunataka kila kitu kiishe mfunguo mosi, tunampigia kijana simu usiku na mchana, naye anamsukuma fundi, fundi anarudi kwenye niru. Kama mna haraka, isogezeni harusi au anzeni mapema. Zege halijui Iddi iko lini.

Kusaga kwenyewe hutumiwa mashine ya tarazo, au kwa sehemu ndogo grenda yenye gurudumu la almasi. Huanzia jiwe kali, namba 30 au 40, kisha 80, kisha 120, na kwa sakafu isiyong'aa unasimama 200. Ukiendelea 800 na 1,500 unarudi kwenye kioo tulichokikimbia. Vitundu vidogo vinajazwa kwa uji wa saruji kati ya hatua hizo, kisha ndipo dawa ya kugumisha na ya kuziba.

Na asage kwa maji. Nalisema hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Vumbi la zege lina silika, chembe ndogo zinazokaa kwenye mapafu na hazitoki, na maradhi yake hayana dawa ya kuyaondoa. Kijana anayesaga kavu, kitambaa kimefungwa puani, anauza kifua chake ili ukumbi wako upendeze. Mnaodai heshima ya biharusi, daini na heshima ya mtoto wa mwenzenu. Mpeni maji, mpeni barakoa ya kazi, na viatu vya mpira siku ya kumwaga, kwa sababu saruji mbichi inaunguza ngozi.

Kwenye meza ya jikoni nakuwa mkali upande wa pili. Wapo wanaotaka zege la kusagwa mpaka pale pa kukatia vitunguu, kwa kuwa wameona picha za Ulaya. Mpishi wa pwani ana ndimu, siki na ukwaju, na asidi hula saruji. Kipande cha ndimu kikilala pale usiku mmoja, asubuhi kuna alama nyeupe isiyofutika. Bizari inatia rangi. Hina je? Wanaompamba mwari wakimwaga hina au piko juu ya zege lisilozibwa, harusi itakumbukwa hapo miaka yote. Meza ikiwekwa ya zege, izibwe kwa dawa salama kwa chakula, irudiwe kila inapoonekana maji yanazama, na ukatie kwenye ubao. Chetezo kiwekwe juu ya sinia. Kaa la moto likianguka juu ya zege linaweza kulibandua.

Najua watakalosema sasa: Sumbawanga ni baridi, na zege ni baridi. Ni kweli. Marumaru nayo ni baridi vilevile, tofauti yake ni kwamba umeilipia. Dawa ni busati, mkeka, zulia nene chumbani. Wala msiingize jiko la mkaa chumba kilichofungwa ili kupasha sakafu, hata iwe usiku wa Julai. Hewa yake haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Kuhusu dini, kumuwekea mke makazi ni wajibu wa mume, hilo halina mjadala. Lakini Surat At-Talaq, aya ya 6 na 7, ambazo wanavyuoni huzitegemea katika makazi na matumizi ya mke, zinafunga jambo lenyewe na uwezo wake, na Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, inakemea ufujaji kwa maneno mazito kabisa. Sharti la marumaru kwa mtu asiyezimudu sijui mnaliweka wapi kati ya hizo mbili. Na tusidanganyane kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Mimi nilimuuliza. Kasema anataka choo kisichotuama maji, na dirisha la jikoni linalofunguka.

Basi biharusi, kabla fundi hajaanza, mwambie mumeo mtarajiwa amtake amwage kipande cha majaribio uwanjani, nusu mita kwa nusu mita, zege lilelile, anyeshee, asage mpaka namba anayoikusudia, apake dawa upande mmoja na upande wa pili aache. Mimina maji juu yake, vua viatu, pita. Kamulia ndimu pembeni, paka hina kidogo, rudi kesho yake uangalie. Kikikupendeza, kijana aendelee. Kisipokupendeza, umejua mapema kwa hasara ya mfuko mmoja wa saruji, na shangazi yeyote mwenye la kusema naye avue viatu apite palepale pakiwa majimaji.