Furaha Nayo ni Sehemu ya Matunzo ya Mzazi Mwenye Demensia

Jua linapokaribia kuzama, mama mmoja mzee katika miteremko ya Kilimanjaro huanza kuulizia chakula cha mumewe. Anataka kujua kama kiburu kimeiva, kwa kuwa mzee amepeleka kahawa chama cha msingi na atarudi na njaa. Binti yake, aliyefunga genge lake la mboga ili aje kumtunza, humjibu kama alivyofundishwa tangu utotoni, yaani kwa kusema kweli: baba alifariki miaka tisa iliyopita. Mama hushtuka, hujishika kichwa na kulia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba dakika ile. Baada ya nusu saa machozi hukauka, msiba husahaulika, na swali hurudi: kiburu kimeiva? Hivyo jioni moja hubeba matanga matatu.

Mfano huu si wa nyumba moja. Wahudumu wa afya wanaoonana na wazee huusikia kwa sura nyingi, na mara nyingi msimulizi ni mtoto wa kike aliyechoka, anayeuliza ipo dawa gani ya kumrudishia mama kumbukumbu zake. Jibu la kweli ni kwamba demensia itokanayo na ugonjwa wa Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya; dawa chache zilizopo huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Hata hivyo, jibu hilo likiishia hapo, binti huyo hurudi nyumbani mikono mitupu, naye ana jioni nyingine inayomsubiri. Mhudumu anapaswa kuongeza jambo la pili, ambalo nalo ni kweli: kinachoweza kutunzwa bado ni kingi, na furaha ya mzazi ni sehemu ya matunzo hayo, si pambo lake.

Hoja hii haitokani na huruma tu. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya huharibika mapema, ilhali hisia hubaki na nguvu zake kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu wenye ugonjwa huo vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha na vingine vya kuchekesha. Muda mfupi baadaye wengi wao hawakuweza kueleza walichokitazama, lakini huzuni au furaha iliyoamshwa iliendelea kuwamo ndani yao. Maana yake kwa familia ni nzito. Mama anaweza kusahau kwamba alikaripiwa asubuhi, na bado akashinda mchana kutwa na unyonge asioujua chanzo chake. Anaweza pia kusahau kwamba alichekeshwa, na utulivu wa kicheko kile ukabaki naye.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kumsahihisha mzazi kila anapokosea inafaa kuachwa. Mama anayeulizia chakula cha mumewe hatafuti tarehe ya kifo. Anatafuta nafasi yake ya zamani, ya mwanamke anayengojewa na kutegemewa jikoni. Binti anaweza kumjibu, “Mama, baba alipenda kiburu kipikweje?” Swali hilo halina uongo ndani yake, halidai kwamba baba yuko njiani. Wako watakaosema kwamba hata hivyo ni kuukwepa ukweli, na hofu yao inastahili heshima, maana mzazi hapaswi kuchezewa kama mtoto. Akiuliza kwa utulivu na waziwazi kama mumewe yu hai, na ajibiwe kwa upole huku ameshikwa mkono. Ila kumtangazia msiba uleule kila jioni, wakati hawezi kuuhifadhi ili auzoee, hakumsaidii kuujua ukweli. Kunamwongezea maumivu tu.

Kazi za mikono nazo hudumu. Aliyechambua maharage kwa miaka hamsini huweza kuyachambua hata pale jina la mjukuu wake linapompotea. Na apewe ungo. Vijiwe vikibaki, binti atayapitia tena baadaye bila kumwaibisha. Nyimbo za ibada, nguo za kukunja, picha za zamani na hadithi za ujana wake hufungua milango ambayo maswali ya majaribio, kama vile “Unanikumbuka mimi ni nani?”, huifunga. Ni afadhali anayeingia kumsalimia ataje jina lake mwenyewe: “Shikamoo mama, ni mimi mwanao.”

Jambo hili limekwisha kujaribiwa hapa nchini. Katika Wilaya ya Hai, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana demensia, wazee walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 vya mazungumzo, michezo na shughuli za kuchangamsha akili. Vikao hivyo vilirekebishwa vilingane na mazingira yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezo wao wa kufikiri uliimarika. Hakukuhitajika mashine ya gharama. Kulihitajika watu, muda na mpangilio.

Hata hivyo, furaha isigeuzwe kuwa deni jingine la mtunzaji. Kuna usiku ambao mzazi halali, siku ambayo anamtuhumu mwanawe kwa wizi, na saa ambayo mtunzaji hujikuta akitamani yote yaishe, kisha akajichukia kwa wazo hilo. Mtu wa namna hiyo hahitaji mahubiri kuhusu uvumilivu. Anahitaji zamu. Ndugu walioko mjini wanaotuma fedha kwa simu wanafanya jema, lakini fedha haziamki usiku kumzuia mama asitoke nje. Mhudumu wa afya anayemwona mzee bila kumuuliza mtunzaji wake, “Na wewe unalala?”, amemaliza nusu tu ya kazi yake.

Hakuna ushauri wowote kati ya huu unaochukua nafasi ya uchunguzi. Usahaulifu unaomzuia mzee kufanya shughuli zake si uzee wa kawaida, wala si uchawi. Wakati mwingine chanzo chake ni sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au dawa anazotumia, na baadhi ya hayo hutibika. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, awahishwe hospitali, kwani huenda ana malaria, homa ya mapafu au maambukizi ya njia ya mkojo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama aliyeulizwa jinsi mumewe alivyopenda kiburu kipikweje huweza kunyamaza kidogo, akacheka, akasema kwamba mzee yule hakukipenda kabisa. Alikuwa akikila ili asimwudhi mkewe. Binti hajapata kulisikia jambo hilo tangu azaliwe. Ungo uko mapajani mwa mama, maharage yamechambuliwa nusu, nao wawili wanamcheka marehemu pamoja. Kesho mama hatakumbuka. Binti atakumbuka, na mama atalala usiku huo bila kulia.